Mtoto wangu ndiye alikuwa mkalimani wetu nyumbani. Kumbe mimi na mama mkwe hatukuwahi kuongea

Wakuu, nawasalimu wote. Wa Bongo, wa Kenya, na ninyi wenzangu tuliojibanza huku Kampala.

Mimi humu ni msomaji, huwa napita kimya kimya. Nimezoea kujiandikia mwenyewe jioni mambo yangu ya siku, hakuna anayesoma. Leo naandikia watu. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mkiona nimepinda mahali ninyoosheni taratibu.

Jambo lenyewe lilinitokea mimi. Mahali ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Na nitajitahidi kuwa sawa kwa kila mtu, hata walioniudhi, maana nyuzi nyingi ninazosoma humu anayesimulia ndiye mwema peke yake. Mimi sijui kama ni mwema. Mtaniambia wenyewe.

Twende.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Voi. Nilikuja Kampala kutafuta kazi ya cherehani, na hadi leo nashonea watu hapa Kamwokya. Sare za shule, mapazia, gomesi za harusi, yale magauni ya kina mama wa huku.

Mume wangu ni Mwacholi, askari polisi. Tulikutana kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kukutania. Ila Kiswahili chake ni cha kambini. Kile ambacho mtu akikuambia anakupenda unajikuta umesimama wima.

Tuna watoto wawili. Aber, msichana, yuko darasa la tatu. Na Okot, mdogo, ambaye bado anaongea lugha yake mwenyewe.

Nikiwa na mimba ya Aber nilimsikia mtaalamu mmoja redioni akisema mtoto anaweza kupata lugha mbili vizuri kama kila mzazi atashika ya kwake bila kuchanganya. Mama yake, baba yake, kila mtu na lugha yake.

Wakuu, mimi niliishika ile kauli kama amri ya Musa.

Nikamwambia mume wangu, wewe ni Kiacholi tu kwa huyu mtoto, mimi ni Kiswahili tu. Luganda ataiokota mtaani, Kiingereza shule watampa. Akasema, "Sawa, mama. Order imepokelewa."

Na ilifaulu! Aber akiwa mdogo kabisa alikuwa anamgeukia baba yake kwa Kiacholi, ananigeukia mimi kwa Kiswahili, bila hata kuvuta pumzi katikati.

Nilijivuna, siwafichi. Wageni wakija namwita: "Aber, hebu msalimie huyu. Sasa msalimie na yule." Kama mtu anayeonyesha redio yenye stesheni nyingi.

Wanaoishi Kampala wanajua Kiswahili hapa hakina jina zuri sana kwa baadhi ya watu. Mama mwenye nyumba wetu, Mama Nakato, Mganda mwenye roho safi kabisa, alikuwa ananitania kila mara.

"Mama Aber, mutoto muzuri hivi, unamufundisa rugha ya wanajesi ya nini? Unataka aende kukamata watu?"

Mimi namjibu, "Mama, kwetu hii ndiyo lugha ya kubembelezea mtoto alale."

Anacheka hadi anakaa chini. "Kubemberezea! Kwa hii hii?"

(Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini: "Wewe miaka yote hiyo kwa nini hukujifunza Kiacholi?" Swali la haki, mkuu. Nilidhani kanuni inanikataza. Nilidhani nikikigusa Kiacholi nitaiharibu ile kazi, mtoto achanganyikiwe. Kwa hiyo nilikuwa nakaa pembeni wakiongea, nashona zangu, natabasamu. Ukiniuliza leo najiona mjinga, lakini wakati ule nilijiona mzazi makini. Pia labda nilikuwa mvivu. Sina uhakika.)

Sasa, mwaka huu mama mkwe aliletwa Kampala kwa ajili ya macho. Watoto wanamwita Adaa, yaani bibi kwa Kiacholi. Anaishi kijijini mbele ya Gulu. Hajui Kiswahili, hajui Luganda, hajui Kiingereza. Anajua Kiacholi na anakijua chote.

Mpango ulikuwa mume wangu awepo. Mama afanyiwe upasuaji, apumzike kidogo, mtoto wake amrudishe.

Upasuaji ukaenda vizuri. Halafu mume wangu akapata amri ya kwenda kazini Karamoja, kaskazini mashariki kabisa. Askari akiambiwa panda gari anapanda gari. Akatuacha mimi, watoto, na mama yake aliyevaa miwani myeusi.

Tukawa wanawake wawili ndani ya nyumba ndogo bila neno hata moja la kuelewana.

Katikati yetu, Aber.

Na hapa niseme jambo ambalo ni la familia za askari, wengine mnaweza msilijue. Kwa ukoo wa mume wangu, mwanaume akiwa kazini na bunduki haambiwi habari inayochemsha moyo. Akipiga simu anauliza, "Nyumbani mko salama?" Unajibu, "Tuko salama." Mtoto ana malaria, tuko salama. Paa linavuja, tuko salama. Atajua akirudi. Adaa alikuwa mke wa mwanajeshi kabla ya kuwa mama wa polisi, kwa hiyo amri hiyo alikuwa nayo kwenye damu. Mimi niliikuta nikaifuata, nikaona ina busara yake. Mtu mwenye wasiwasi na bunduki si mtu wa kuongezewa wasiwasi.

Network ya kule nayo ni ya kubahatisha. Akipata nafasi anapiga, tunaweka loudspeaker, Aber anashika simu. Mimi nasema tuko salama, Adaa naye anasema neno lake fupi kwa Kiacholi, kumbe ni lile lile. Simu inakatika.

Siku za mwanzo na Adaa zilikuwa ngumu.

Mimi napika haraka, nina nguo za watu zinasubiri. Siku moja nimekaanga sukuma, nimeweka ugali, Adaa akaonja, akasema kitu. Nikamuuliza Aber, anasemaje?

Mtoto akatafsiri kama alivyosikia. "Anasema unapika mboga kama mtu anayefukuza nyoka."

Wakuu, nilichoka siku ile. Nikajibu, "Mwambie nyoka ameshakufa, sasa ale."

Aber akatafsiri hiyo nayo.

Adaa akaweka kijiko chini. Hakula. Mimi nikaenda chooni nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye cherehani. Tulikaa siku kadhaa bila kusemezana kitu, na Aber katikati, anamwangalia huyu, anamwangalia yule.

Nikikumbuka sasa, hapo ndipo mtoto alipoamua. Lakini sikuona.

Nilichoona ni kwamba hali ilibadilika. Ilianza polepole. Naweka chakula, Adaa anasema maneno, namuuliza Aber, ananiambia, "Anasema leo chumvi imekaa vizuri." Mimi nafurahi. Namwambia, "Mwambie asante."

Siku nyingine: "Anasema Okot amenenepa kwa sababu ya mikono yako."

Siku nyingine Adaa amekaa mlangoni kwenye mkeka anamenya karanga, akaniita, akasema maneno marefu akiniangalia usoni. Nikamgeukia Aber. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Anasema wewe ni binti yake, ni vile tu hakukuzaa yeye."

Wakuu, mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Sitasema zaidi ya hapo. Neno lile nilitembea nalo. Nilimwambia hadi Mama Nakato, akaniambia, "Eh! Mimi mama mukwe wangu ananiita tu 'wewe'."

Kuanzia hapo nilimpenda yule mama. Dawa ya macho namtia mimi mwenyewe, maji ya kuoga nampashia moto. Naye akalainika. Akaanza kunitabasamia.

Kuna vitu viwili vilinisumbua kidogo, navisema ili mjue sikuwa kipofu kabisa.

Cha kwanza, tulienda kliniki, daktari akamkagua, akaniambia kwa Kiingereza jicho limepona, anaweza kurudi kwake. Nikamwambia Aber kwa Kiswahili amwambie bibi. Akamwambia. Adaa badala ya kufurahi akainamisha kichwa. Nikauliza, mbona hivyo? Aber akasema, "Anasema bado anataka kukaa na sisi." Nikasema moyoni, basi akae. Kusema ukweli wote, siku nyingine nilichoka, nyumba ni ndogo. Lakini mtu aliyekuita binti yake utamfukuzaje?

Cha pili, ndugu zake kijijini walikuwa wanapiga simu yangu, nampa Adaa. Akimaliza anakaa ameshika goti. Namuuliza Aber kuna nini. "Wanasema mvua imeanza, wanapanda."

Tena siku moja nilisema, "Aber, muulize bibi vizuri, anataka kurudi lini, nimtafutie basi." Wakaongea. Aber akarudi na jibu: "Anasema bado."

Nikaacha.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi. Niko barabarani kwenye cherehani yangu, Aber yuko na mimi ananisaidia kushika mita ya kupimia. Namwona Mama Nakato anakuja mbio, Okot yuko kiunoni kwake, ndala moja imebaki njiani.

"Mama Aber! Ure mamako ameenda!"

"Ameenda wapi?"

"Sijui! Amenipa mutoto, ameweka muzigo yake kwa kichwa, amepita barabara ya kuerekea Bukoto. Mimi naita, namushika mukono, anatoa mukono, anaenda tu!"

Niliacha kitambaa cha mteja kwenye mashine, sindano ikiwa ndani. Nikamshika Aber mkono tukakimbia. Mtu jicho lina wiki chache tangu lipasuliwe, haijui Kampala, pikipiki zinapita kila upande. Nilikuwa nasali kwa sauti.

Tulimkuta Bukoto, kwenye geti la jengo moja la maghorofa ya kupangisha. Amekaa kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, mzigo uko miguuni, ana kikombe cha chai mkononi. Mlinzi amesimama mbele yake, Mwacholi, nadhani ni askari mstaafu kwa alivyosimama. Kumbe Adaa alikuwa anapita njia, akamsikia huyo mlinzi anaongea Kiacholi kwenye simu, akakaa hapo hapo.

Nilifurahi kumwona. Nikamkimbilia nimkumbatie.

Mlinzi akaweka mkono katikati. "Simama hapo, mama. Wewe ndio ile mama ya Kenya?"

"Ndiyo, afande. Huyu ni mama mkwe wangu."

"Kwa nini wewe nafungia mzee ya watu kwa nyumba?"

Wakuu, nilidhani anatania.

Watu wakaanza kusogea. Mama muuza nyanya, vijana wa boda. Mmoja akapaza sauti, "Wakenya bana! Sasa wanateka hadi mama mukwe!" Wakacheka.

Nikasema, "Nani amefungwa? Mlango wangu hata kufuli ya maana hauna! Muulize vizuri."

Mlinzi akamuuliza. Adaa akaongea, muda mrefu, bila kupandisha sauti, bila kuniangalia. Mlinzi akawa anasikiliza kichwa kimeinama. Halafu akanigeukia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, mimi natafsiri tu. Usikasirikie mimi. Mzee anasema hivi. Wewe ni mtu mzuri. Unampa chakula, unaweka dawa kwa jicho, unamuheshimu. Lakini kila siku anaomba kwenda nyumbani, na kila siku wewe nakataa. Anasema unamushika kama mbuzi ya sikukuu. Inakula vizuri lakini kamba iko kwa shingo."

Nilisema, "Mimi?"

"Anasema dada yake ni mgonjwa sana. Anamuita. Watu wanapiga simu kila siku, njoo, njoo haraka. Anakuambia, na wewe nasema ngoja daktari. Anasema hakutaka kuambia kijana yake, kwa sababu kijana iko kwa kazi na bunduki."

Nikasema, "Mimi nilimuuliza anataka kurudi lini! Nilimuuliza mwenyewe! Daktari alimruhusu siku nyingi! Na mgonjwa gani? Mimi niliambiwa wanapanda!"

Mlinzi akamtafsiria. Adaa akainua uso. Akavua ile miwani myeusi akaniangalia.

Mlinzi ndiye aliyeng'amua kwanza. Akauliza polepole, "Mama, kwani nyinyi nani alikuwa anawatafsiria?"

Tuligeuka tu, mimi na Adaa, kwa wakati mmoja.

Aber alikuwa nyuma yangu, bado ameshika ile mita ya kupimia, ameizungusha mkononi.

Hakukimbia. Hilo namsifia. Aliniangalia akasema kwa Kiswahili, "Nilitaka abaki. Na nilitaka msigombane." Akamgeukia bibi yake, akasema kwa Kiacholi, nadhani hayo hayo. Kila mtu kwa lugha yake, bila kuchanganya. Kama nilivyomlea.

Nikamuuliza, "Aber, dada wa bibi ni mgonjwa, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia mvua?"

Akaanza kulia. "Na wewe ukimwambia baba tuko salama na Okot anatapika, mbona hakuna anayekugombeza?"

Wakuu, nimegombezwa na watu wazima wengi maishani mwangu. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo namna ile.

Adaa akamvuta mlinzi mkono, akamwambia kitu. Mlinzi akaniambia, "Mzee anauliza. Ni kweli ulisema hujawahi kuona mikono inamenya karanga vizuri kama yake? Anasema mtoto alimuambia."

Ningeweza kusema ndiyo. Hadi leo najiuliza kwa nini sikusema ndiyo. Lakini tulikuwa tumefikia pale kwa sababu ya maneno matamu, nikaogopa kuongeza lingine.

"Hapana," nikasema. "Sikusema."

Akatafsiri.

Nami nikamwambia, "Afande, muulize na mimi. Aliwahi kusema mimi ni binti yake ambaye hakumzaa?"

Mlinzi alikohoa kwanza. Akamuuliza.

Adaa aliniangalia. Akatikisa kichwa. Hapana.

Yule kijana wa boda aliyekuwa anacheka alivaa kofia yake, akawasha pikipiki, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Ule upendo wote nyumbani kwangu ulikuwa umetungwa na mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa anatupikia maneno sisi wawili kila siku, na sisi tunakula.

Nilimpigia mume wangu pale pale getini. Bahati simu ikaingia.

"Mama Aber. Nyumbani mko salama?"

Nikasema, "Hapana. Hatuko salama." Nikamweleza. Dada wa mama yake ndiye aliyemlea wakati wa vita, kwa hiyo si habari ndogo.

Akafoka, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kitu nisichokijua? Na hata ningejua, si amri ya nyumba yenu?"

Akasema, "Mpe mama simu." Wakaongea wenyewe kwa wenyewe. Simu iliporudi kwangu aliniambia neno moja tu. "Mpeleke."

Kesho yake asubuhi tulipanda basi la Gulu, mimi, Adaa na watoto wote wawili. Adaa alikaa dirishani. Aber alitaka kukaa naye, akaogopa, akakaa na mimi. Baada ya kuvuka daraja la Karuma Adaa aligeuka, akampiga kofi dogo la begani, akamsogezea nafasi. Aber akaenda.

Tulimkuta dada yake hai.

Lakini sauti ilikuwa imekatika. Walituambia siku chache kabla alikuwa bado anaongea, anamwita Adaa kwa jina la utotoni. Sasa macho yanaona, mkono mmoja unashika, maneno hakuna.

Adaa aliingia, akakaa chini kando ya kitanda, akashika ule mkono. Yeye akaongea. Aliongea mchana kutwa. Dada yake anamwangalia tu, machozi yanateremka kuelekea masikioni.

Nilisimama mlangoni. Sikuelewa hata neno, na sikuhitaji mkalimani. Angekuja alipoomba mara ya kwanza, wangeongea wote wawili. Hilo siwezi kulifuta na sitajaribu kulipaka rangi. Tulifika, lakini tulichelewa.

Alifariki wiki iliyofuata. Adaa alikuwa naye.

Zile siku za kijijini nilimwomba Aber anisaidie kuongea na wanawake wa pale. Akatikisa kichwa. "Sitaki tena, mama." Sikumlazimisha. Nikaelewana nao kwa mikono, kwa kuteka maji, kwa kuosha vyombo. Nikajifunza neno la kuomba kisu, neno la kuomba chumvi. Walinicheka vizuri, cheko la kukaribisha.

Jioni moja kabla hatujarudi, Adaa alinipa bakuli la malakwang, ile mboga yao chachu ya kuungwa kwa karanga. Akaniangalia akasema sentensi moja fupi, akangoja.

Hakukuwa na mtu wa kuniambia amesema nini. Inawezekana ilikuwa shukrani. Inawezekana ilikuwa ile ya nyoka. Nikasema "Apwoyo", asante, akatikisa kichwa kukubali. Tukala.

Mnaweza kudhani hadithi imeisha hapo. Kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye.

Tuliporudi Kamwokya, Aber aliacha Kiacholi. Kabisa. Baba yake alipopata likizo akaingia nyumbani anamsemesha kama zamani, mtoto anajibu kwa Kiswahili. Akimbembeleza, Kiswahili. Akikasirika, Kiswahili. Mume wangu, mtu wa bunduki, nilimwona amekaa kitandani anavua buti polepole, akaniambia, "Ananijibu kama mimi ni mkubwa wake wa kazi."

Miaka yote nilikuwa naogopa kuharibu lugha ya mtoto kwa kuigusa. Ikaharibika kwa kutumiwa.

Mimi ndiye nikaanza kujifunza. Mume wangu ananifundisha, na yule mlinzi wa Bukoto nikipita ananisahihisha mbele za watu bila huruma. Nampigia Adaa mwenyewe, bila mtu katikati. Namwuliza habari, "Kop ango?", namwambia mtoto amekula, mvua imenyesha, nimeshona. Naongea kama mtoto wa miaka miwili. Okot ananizidi. Adaa ananiuliza kitu, sielewi, anarudia, sielewi, tunacheka, tunaaga.

Wiki iliyopita nilikuwa naongea naye hivyo hivyo, nimekwama. Adaa anauliza jambo, anarudia, na safari hii hacheki, nasikia ni jambo la maana kwake. Mimi sina maneno. Nasema tu "pe angeyo", sijui, sijui.

Aber alikuwa anafanya homework sakafuni. Sikumwita. Naapa sikumwita, hata sikumwangalia.

Akainuka, akaja, akanyoosha mkono. Nikampa simu.

Akaitoa loudspeaker. Akatoka nayo hadi uani, akarudisha mlango.

Nilimsikia anaongea Kiacholi. Sauti ndogo mwanzoni, halafu ya kawaida, halafu akalia, halafu nikasikia anacheka. Alikaa huko hadi simu ikaisha chaji.

Akarudi, akanipa simu, akashika penseli yake.

Sikumuuliza wameongea nini. Ilikuwa mara ya kwanza yale maneno kuwa ya kwake mwenyewe, si ya kupelekea mtu.

Nilichojifunza mimi, kwa akili yangu ya darasa la nane: mpe mtoto lugha mbili, hata tatu, ni mali. Lakini usimtume kubeba ugomvi wa watu wazima kwa sababu tu mdomo wake unafika pande zote mbili. Na kama umeoa au umeolewa kwenye lugha ya watu, jifunze hata vibaya. Usingoje mtoto azae maneno yako.

Sijui kama nilimtendea haki Aber. Sijui kama pale getini nilipaswa kusema ndiyo kuhusu zile karanga. Hilo la karanga linanisumbua kuliko yote.

Ninyi mngesema nini? Nipo hapa nasoma, hata wa kunichapa achape. Ila Aber msimguse.